Jino Moja Mbele: Lini Ubadilishe Sproketi ya Pikipiki, Lini Uiache

Pemba haina milima mirefu. Mahali pake pa juu kabisa hapafiki mita 150 kutoka usawa wa bahari, lakini pikipiki za kisiwani huchoka mapema, kwa sababu ardhi yenyewe haitulii. Ukitoka Tibirinzi, mjini Chake Chake, ushike njia ya Wete au ya Mkoani, barabara hupanda kilima, hushuka kwenye bonde la mpunga, kisha hupanda tena. Ukiacha lami na kuingia njia ya shamba, miinuko inakuwa mifupi na mikali zaidi, na chini ni udongo mwekundu ambao masika huugeuza utelezi. Msimu wa karafuu ukifika, pikipiki hiyohiyo inabeba dereva, mwenye karafuu na gunia lake mpaka kituo cha ununuzi cha ZSTC, shirika la serikali linalonunua karafuu. Ndipo ushauri unapoanza kumiminika: mmoja anakwambia punguza jino mbele ipate kuvuta, mwengine anakwambia ongeza jino ikimbie na kula mafuta kidogo.

Wote wawili wanazungumzia kitu cha kweli, ila hawaulizi swali linalotangulia: pikipiki yako inashindwa wapi hasa? Msimamo wa mwongozo huu ni kwamba waendeshaji wengi wa Tibirinzi na jirani zake wanatakiwa kubaki na idadi ya meno iliyotoka kiwandani, na pesa zao waziweke kwenye cheni na sproketi mpya za saizi ileile. Wachache, wanaobeba mizigo kwenye miinuko ya mashamba karibu kila siku, wana haki ya kupunguza jino moja mbele. Kuongeza jino mbele kwa barabara za Pemba ni uamuzi ambao mara chache sana unalipa. Sababu zinakuja kwanza, spana baadaye.

(Mwenye vespa haya hayamhusu. Vespa haina cheni. Injini yake imekaa ubavuni mwa gurudumu la nyuma, na kubadilisha uwiano wake ni kazi ya kupasua injini.)

Nini hasa kinachobadilika

Nguvu ya injini hupita kwenye klachi, ikaingia kwenye gia, ikatoka kwa sproketi ndogo ya mbele, ikavutwa na cheni hadi sproketi kubwa ya nyuma. Gawa meno ya nyuma kwa meno ya mbele, utapata uwiano wa mwisho. Pikipiki yenye meno 14 mbele na 42 nyuma ina uwiano wa 3.00: sproketi ya mbele huzunguka mara tatu ili gurudumu lizunguke mara moja. Ukiweka 13 mbele, uwiano unapanda hadi 3.23. Mvuto kwenye gurudumu umeongezeka kwa karibu asilimia 8 katika kila gia, na kasi katika mizunguko ileile ya injini imepungua kwa karibu asilimia 7. Umenunua mvuto kwa kasi, wala injini haijaongezewa hata chembe ya nguvu. Anayekwambia pikipiki "imekuwa na nguvu" baada ya kubadilishwa sproketi anaeleza anachokihisi mkononi, na hisia hiyo ni ya kweli, lakini injini ni ileile iliyokuwa jana.

Tuipime nguvu yenyewe, maana hapa ndipo hoja nzima inaposimama. Chukua pikipiki ya kilo 110, watu wawili wa kilo 70 kila mmoja, na gunia la kilo 50. Jumla kilo 300. Kwenye mwinuko wa asilimia 10, yaani unaopanda mita 1 kwa kila mita 10, dunia inauvuta mzigo huo nyuma kwa nguvu ya kiasi cha kilo 30. Ukitaka kuupanda kwa kasi ya kilomita 40 kwa saa, ukahesabu pia upepo na msuguano wa matairi, unahitaji nguvu za farasi karibu 6. Injini ndogo ya cc 100 hutoa nguvu za farasi 8 hivi. Kwa hiyo nguvu ipo! Shida ni kwamba injini hutoa hizo 8 pale tu inapozunguka kwa kasi kubwa. Ukiiacha kwenye gia ya mwisho ikanguruma polepole huku umefungua resi yote, haitoi hata nusu yake. Tatizo la mwinuko, basi, ni la kuipa injini mizunguko inayoitaka, na chombo cha kwanza cha kazi hiyo tayari unacho mguuni: gia.

Kipimo cha gia namba moja

Hapa linakuja pingamizi zito kuliko yote, na bora lijibiwe mapema. Mtu atauliza: kama ni suala la mizunguko tu, kwa nini nisishushe gia nikaachana na habari za sproketi? Jibu ni kwamba, kwa wengi, afanye hivyohivyo. Kutoka gia moja kwenda nyingine uwiano hubadilika kwa kiasi cha asilimia 20 au zaidi. Jino moja la mbele halifikii nusu ya hapo. Pikipiki inayolegea kwenye gia ya nne katika kilima cha lami haihitaji fundi, inahitaji gia ya tatu, na itiwe kabla mwinuko haujaanza kuuma badala ya kungoja injini ianze kugonga.

Lakini chini ya gia namba moja hakuna gia nyingine. Mtu anayeanza safari katikati ya mwinuko wa shamba akiwa na abiria na gunia, akalazimika kuachia klachi nusunusu kwa mita kadhaa ili injini isizime, huyo ameishiwa. Hana pa kushuka. Klachi yake inasuguana, inachemka na kuisha, na hakuna ufundi wa kuendesha utakaomwokoa. Huyu ndiye mwenye sababu ya kupunguza jino. Kipimo ni hicho: usiangalie pikipiki inavyoonekana kushindwa kwenye gia ya nne au ya tatu, angalia inavyoondoka kwenye gia namba moja, ikiwa na mzigo wako wa kawaida, mahali pagumu zaidi unapopita mara kwa mara. Ikiondoka na klachi ukaiachia yote ndani ya mita mbili tatu, sproketi iache. Ikidai klachi nusu njia nzima, endelea kusoma.

Kuna faida ya pili ya jino pungufu ambayo haisemwi sana, nayo ni kushuka. Uwiano ukiwa mkubwa, injini huzuia zaidi unapofunga resi, na breki za nyuma hupumua. Kwa mtu anayeteremka bonde baada ya bonde na mzigo mgongoni, si jambo dogo. Hata hivyo breki zenyewe hazikuongezewa kitu. Pikipiki iliyopata uwezo wa kuondoka na mzigo mzito zaidi haikupata uwezo wa kuusimamisha, kwa hiyo kupunguza jino kusiwe kisingizio cha mshikaki wala cha gunia la pili.

> KISANDUKU: Hesabu yako kwa mkupuo mmoja
>
> Uwiano = meno ya nyuma ÷ meno ya mbele. Mfano ni wa pikipiki yenye 14 na 42. Kasi ni ile utakayoipata injini ikizunguka kama ilivyokuwa ikizunguka ulipokwenda kilomita 60 kwa saa.
>
> - 14 na 42: uwiano 3.00, kasi 60
> - 13 na 42: uwiano 3.23, kasi 56
> - 14 na 45: uwiano 3.21, kasi 56
> - 15 na 42: uwiano 2.80, kasi 64
>
> Jino moja mbele lina uzito wa meno matatu nyuma. Idadi ya pikipiki yako inaweza kuwa tofauti. Hesabu meno kwanza, usikisie.

Kwa nini basi watu hugusa mbele badala ya nyuma, wakati matokeo ni yaleyale? Kwa sababu sproketi ya mbele ni ndogo, bei yake ni nafuu, na haihitaji kuvua gurudumu. Gharama yake imejificha: duara likiwa dogo, cheni huvutwa kwa nguvu zaidi kwa kazi ileile na kila kiungo hujikunja kwa pembe kali zaidi, kwa hiyo huchakaa haraka. Pia cheni hushuka karibu na raba inayolinda uma wa nyuma na kuanza kuila. Jino moja linavumilika. Mawili, hapana, mwenye haja ya zaidi ya jino moja aongeze meno nyuma. Zaidi ya hapo, sproketi yenye meno ya witiri, kama 13 au 15, ina jambo zuri la pembeni: kila jino hukutana na viungo vya ndani na vya nje vya cheni kwa zamu, na uchakavu husambaa. Kwenye sproketi ya meno ya shufwa kila jino hukutana na aina moja ya kiungo maisha yake yote. Faida ni ndogo, lakini ni ya bure.

Wanaosema kinyume

Pingamizi la mafuta ndilo linalosikika sana. Hoja yake ni kwamba ukiweka 15 mbele, injini huzunguka mara chache kwa kila kilomita, kwa hiyo itakunywa kidogo. Kwenye barabara tambarare, kwa mtu anayekwenda masafa marefu peke yake kwa kasi isiyobadilika, kuna ukweli ndani yake. Barabara hiyo Pemba hakuna. Kutoka Chake kwenda Wete ni kupanda na kushuka, na pikipiki yenye 15 italazimika kushushwa gia mapema zaidi katika kila kilima. Ikishushwa, mizunguko inarudi palepale ilipokuwa au inapita. Isiposhushwa, dereva hufungua resi yote injini ikiwa inanguruma chini, na huko ndiko mafuta yanakochomwa vibaya huku beringi na klachi vikipigwa. Anayetaka kuokoa mafuta ajaze upepo matairi, asafishe kichujio cha hewa, alainishe cheni na ahakikishe breki haikamati. Mambo hayo yana faida ambayo jino halina: hayamnyang'anyi kitu kwenye mwinuko.

Upande wa pili wanasema kupunguza jino kunaua injini, kwa kuwa inazungushwa zaidi. Ni kweli kwamba kwa kasi ileile mizunguko hupanda kwa karibu asilimia 8. Lakini neno "kwa kasi ileile" ndilo lenye mzigo. Aliyekuwa akienda 60 akaridhika na 56, injini yake inazunguka kama zamani. Anayeumia ni yule anayepunguza jino kisha akataka kasi yake ya awali kwa safari ndefu. Huyo atasikia joto, mtetemo na kelele, na oili itachoka mapema. Kwa hiyo kama kazi yako ni kupeleka abiria mmoja Mkoani kuwahi boti zaidi kuliko kubeba gunia kutoka shambani, jino lako liache lilipo.

Wapo pia wanaohofia kwamba dashibodi itadanganya. Pikipiki nyingi ndogo huchukua kasi kwa waya kutoka gurudumu la mbele, na hizo hazijali umeweka meno mangapi. Chache huchukua kutoka kwenye gia. Hizo zitaonyesha kasi kubwa kuliko ya kweli ukipunguza jino, na ndogo kuliko ya kweli ukiongeza. Fuata waya kwa macho unakoishia, utajua yako ni ipi.

Kanuni hii, kwa taarifa, ndiyo ileile ya gari la rimoti la watoto wakubwa: gia ndogo kwenye mota, gia kubwa kwenye ekseli, gawa moja kwa nyingine. Tofauti ni kwamba magari hayo mengi hayana gia ya kushusha, kwa hiyo aliyeweka gia kubwa mno kwenye mota hana pa kukimbilia, na kosa lake hutokea kama joto. Mota ikiwa haishikiki kwa kidole baada ya dakika chache za kuchezea mchangani, punguza meno kwenye mota. Pikipiki haikuonyi waziwazi namna hiyo. Kosa lake huishia kwenye klachi, na klachi hulalamika wakati imeshakwisha.

Kabla hujanunua chochote

Pikipiki "isiyovuta" mara nyingi ni mgonjwa wa kitu kingine. Kichujio cha hewa kilichojaa vumbi, plagi chafu, breki ya nyuma inayokamata, tairi lililolegea, cheni iliyokazwa kama kamba ya nguo: kila kimoja kinaweza kula mvuto. Klachi ina dalili yake: kwenye mwinuko ukifungua resi, sauti ya injini inapanda lakini pikipiki haiongezi mwendo. Hapo klachi inateleza, na sproketi haitaiponya.

Kisha pima cheni. Cheni nyingi za pikipiki ndogo ni za namba 428, iliyogongwa ubavuni mwa viungo. Umbali wa pini hadi pini ni milimita 12.7. Ivute ikaze, pima pini 21 mfululizo kutoka kati ya pini ya kwanza hadi kati ya pini ya ishirini na moja. Mpya ni milimita 254. Ikikaribia 259, imekwisha, na hakuna kukata kiungo kutakakoifufua, kwa sababu kilichorefuka si kiungo kimoja bali ni matundu yote. Angalia na meno: yakiwa yamelala upande mmoja au yamechongoka, sproketi nayo imekwisha. Kosa linalogharimu wengi ni kuweka sproketi moja mpya kwenye cheni ya zamani. Cheni iliyorefuka haikai vizuri kwenye meno mapya. Huyapanda na kuyala kwa wiki chache. Nunua seti: cheni, mbele na nyuma. Ikiwa cheni yako bado ni changa na meno ya nyuma yamesimama, hapo tu ndipo kubadilisha ya mbele peke yake kunakubalika.

Dukani usitegemee jina la pikipiki pekee, kwa maana modeli moja huja na sproketi tofauti. Nenda na ya zamani mkononi, uilaze juu ya mpya. Tundu la kati na meno yake ya ndani yafanane, unene ufanane, na kwa ya nyuma matundu ya boli yaangukiane sawasawa. Ikitikisika kwenye shafti ukiijaribu kwa mkono, irudishe. Kama maduka ya Chake hayana idadi unayoitaka, agiza Unguja kuliko kukubali inayokaribiana.

Jambo la mwisho kabla ya spana ni urefu wa cheni, nalo huwashangaza wengi. Kila jino unalotoa hulirudisha gurudumu nyuma kwa milimita 3 hivi, na kila unaloongeza hulivuta mbele kwa kiasi hichohicho. Meno matatu zaidi nyuma ni kama milimita 9 au 10. Tazama alama za adjasta leo: kama gurudumu limeshafika mwisho wa nyuma, ukipunguza jino utakosa nafasi. Cheni hukatwa kwa jozi ya viungo, wa ndani na wa nje, na jozi moja hulisogeza gurudumu karibu milimita 13. Usikate mpaka umepima kwa sproketi mpya zikiwa mahali pake.

Hatua za kazi

Vifaa: spana za saizi ya nati zako, koleo, nyundo, brashi ngumu, mafuta ya taa, rula ya chuma, chaki na pini mpya ya kufungia nati ya ekseli. Kuoshea cheni tumia mafuta ya taa. Petroli hukausha, huwaka, na kwenye cheni yenye vijiraba ndani ya viungo huviharibu.

1. Zima injini, toa ufunguo, iache ipoe. Simamisha pikipiki kwa stendi kubwa juu ya sakafu ngumu. Udongo mlaini utaiangusha utakapoanza kukaza.
2. Fungua kifuniko cha sproketi ya mbele, kwa kawaida upande wa kushoto. Kwangua tope na grisi ya zamani. Angalia sili ya oili nyuma ya sproketi: ikivuja, ibadilishe sasa, maana oili ikimwagika kwenye tairi utaanguka.
3. Tia chaki kwenye jino moja, hesabu meno ya mbele na ya nyuma, andika.
4. Cheni ikiwa bado imefungwa, tia gia, mwenzako akanyage breki ya nyuma, nawe ulegeze boli mbili za kisahani kinachoshika sproketi ya mbele (au nati kubwa, kwa modeli nyengine). Ukitoa cheni kwanza, sproketi itazunguka tu na hutapata pa kushindilia.
5. Weka gia huru, toa pini, legeza nati ya ekseli na adjasta za pande zote mbili, sukuma gurudumu mbele. Zungusha mpaka kiungo chenye kilipu kifike mahali pa wazi, toa kilipu kwa koleo, toa cheni.
6. Vua sproketi ya zamani, weka mpya, upande wenye mwandiko utazame nje isipokuwa ya zamani ilikaa vingine. Rudisha kisahani na boli kwa mkono.
7. Kama unabadilisha ya nyuma, vua gurudumu, badilisha, na ukague raba za ndani ya hab. Zikilegea pikipiki hushtuka kila ukifungua resi, na utailaumu sproketi bure. Kaza nati za sproketi kwa kukingamana, si kwa kuzunguka duara.
8. Rudisha cheni. Kilipu kikae upande wa nje, na ncha iliyozibwa itangulie kule cheni inakokwenda. Ncha yenye mdomo ifuate nyuma. Kilipu kilichogeuzwa huchomoka kikigusa kitu.
9. Tia gia, breki ikanyagwe tena, kaza boli za mbele.
10. Vuta gurudumu nyuma kwa adjasta, nusu mzunguko kushoto, nusu mzunguko kulia, alama zilingane. Pima katikati ya cheni ya chini: ipande na kushuka jumla ya milimita 20 hadi 30 kwa pikipiki nyingi ndogo, kibandiko cha pikipiki yako kikisema vingine, kifuate.
11. Weka gia huru, zungusha gurudumu kwa mkono, pima sehemu nne tofauti. Cheni haikazi sawa kila mahali. Rekebisha kwa sehemu iliyokaza zaidi.
12. Kaza nati ya ekseli, tia pini mpya, pima cheni mara nyengine, kwa kuwa kukaza ekseli hukaza cheni pia.
13. Rekebisha breki ya nyuma. Gurudumu limehama, kwa hiyo fimbo ya breki imelegea au imekaza. Hakikisha na taa ya breki inawaka.

TAHADHARI. Usizungushe cheni kwa injini huku unaifuta au kuipaka oili, hata kwa gia namba moja, hata "kidogo tu". Kitambaa hushikwa na meno, na kidole hufuata kitambaa. Zungusha kwa mkono, gia ikiwa huru.

Yanapoharibika

Kosa kubwa kuliko yote ni cheni iliyokazwa mno. Mtu akiona mpya inaning'inia milimita 25 hudhani imelegea, akaikaza mpaka ikanyooka. Kisha anapakia abiria na gunia, sehemu ya nyuma inashuka, umbali kati ya sproketi mbili unaongezeka, na cheni haina pa kutoa. Mzigo wote unahamia kwenye beringi ya shafti ya mbele na ya gurudumu. Wenye mizigo mizito wakae upande wa juu wa kipimo, karibu na milimita 30, na wapime tena mzigo ukiwa juu: lazima cheni ibaki na mchezo.

La pili ni gurudumu lililokaa upande. Alama za adjasta kwenye pikipiki kongwe hazitegemewi sana, hasa kama uma umewahi kupinda. Chuchumaa nyuma, tazama cheni kama unalenga shabaha: iende mstari mmoja kutoka sproketi hadi sproketi. Meno yanayong'aa ubavu mmoja ni ushahidi kwamba haikwenda.

La tatu ni kusahau cheni baada ya kuifunga. Mpya hulegea kidogo katika siku za mwanzo, na tope jekundu la masika, pamoja na chumvi kwa wanaoshuka ufukweni kubeba samaki, huila haraka. Ioshe, ikauke, ipake oili nzito upande wa ndani wa cheni ya chini, jioni baada ya kazi ili iingie usiku kucha. Ukipaka asubuhi ukaondoka, nusu itakuwa kwenye ringi na suruali.

> ORODHA KABLA YA KUONDOKA
>
> ☐ Boli za sproketi ya mbele zimekazwa, kifuniko kimerudi
> ☐ Kilipu kimekaa, ncha iliyozibwa imetangulia
> ☐ Alama za adjasta zinalingana, pini mpya ipo
> ☐ Cheni ina mchezo, bila mzigo na ukiwa na mzigo
> ☐ Cheni haigusi raba ya uma wala kifuniko
> ☐ Breki ya nyuma inashika, gurudumu linazunguka huru
> ☐ Sproketi ya zamani, kama bado nzima, imehifadhiwa

Safari ya kwanza iwe fupi na bila abiria. Sikiliza: mlio wa kukwaruza maana yake cheni inagusa kitu, kugonga kwa kurudiarudia maana yake kiungo kimoja kimekaza. Kisha rudi kwenye mwinuko uleule uliokufanya ufungue spana, na mzigo uleule, uondoke kwa gia namba moja. Kama klachi bado inadai nusu njia nzima, usikimbilie jino la pili. Ipime klachi yenyewe, na upunguze mzigo huku ukingoja. Baada ya wiki moja hivi fungua tena kifuniko, kaza boli, pima cheni. Na idadi ya meno uliyoweka, mbele na nyuma, iandike kwa kalamu ya wino mzito chini ya siti, pamoja na tarehe, ili fundi atakayeifungua mwakani asinunue kwa kukisia kutoka jina la pikipiki.